Msiba wa Gasketi

Mwaka ule jua lilipochoma mtama kabla haujatoa masuke, mimi nikiwa na miaka minane, baba yangu alikufa na watu hawakuja kumzika. Nasema wazi kwa sababu nimeshazeeka na sina wa kumwogopa. Walikuja wanaume wachache tu wa kuchimba kaburi, kwa kuwa maiti haachwi juu ya ardhi. Wakachimba kimya, wakafukia kimya, wakanawa mikono, wakaenda zao. Hakuna mwanamke aliyeleta kuni. Hakuna aliyelala kwetu. Mama alilia peke yake, mimi nikalia kwa sababu mama analia, na mdogo wangu aliyekuwa mgongoni akalia kwa sababu ya njaa. Huo ndio ulikuwa msiba wa baba.

Haya yamenirudia majuzi tulipomzika mama. Nilikuwa nimechoka kupokea pole, nikaenda kuegemea nguzo ya mlango wa nyumba yake ya zamani, ile ya udongo, ambayo alikataa isibomolewe hata baada ya mimi kumjengea ya matofali. Nguzo ile inanuka oili. Si oili mpya ya kwenye galoni. Ni oili iliyokwisha kazi, nyeusi, ile ambayo harufu yake inabaki kwenye kucha hata ukisugua mikono kwa sabuni ya unga. Nyie wa umri wangu mliokulia huku mnajua kwamba nguzo hupakwa oili chafu ili mchwa wasiile. Lakini nguzo ile ilipakwa mara ya kwanza kwa oili ya msiba, na marehemu aliitwa Gasketi. Nikacheka pale pale mbele ya waombolezaji. Wanangu walidhani nimechanganyikiwa. Basi wasome hapa, wajue mama yao alicheka nini.

Sisi hatukuwa watu wa kijiji kile. Baba alihangaika miaka kule Songwa akichekecha mchanga pembeni ya mgodi wa almasi, na jiwe la maana hakuliona hata moja. Akasikia kwamba upande wa Ushirombo bado kuna ardhi ya kulima, akatuhamisha. Tulifika na jembe, sufuria, na boksi la nguo. Baba akatujengea kibanda karibu na barabara, akapanda mtama, akaenda Geita kutafuta dhahabu ili tusife njaa kabla ya mavuno. Mama alibaki mjamzito, akajifungua mdogo wangu akiwa peke yake, na wiki ile ile akafariki mzee mkubwa wa kijiji, baba yake balozi wa nyumba kumi.

Hapo ndipo tulipoharibu. Kwao mama, kule alikotoka, mzazi aliye kitandani haendi msibani. Kijijini pale vilevile haendi, ila anapeleka unga. Hata kibaba kimoja, kwa mkono wa mtoto. Mama hakujua hilo la unga, na hakuna aliyemwambia. Hakupeleka.

"Hawa hawazikani," watu wakasema, na ikawa imekwisha. Sijui kama watoto wa leo wanaelewa maana ya kutengwa. Hakuna anayekutukana wala kukupiga. Unafika kisimani, wenzako wanachukua ndoo zao na kuondoka. Unasalimia, jibu hakuna. Moto wako ukizimika usiende kuomba kaa kwa jirani, maana atafunga mlango. Baba aliporudi kutoka Geita hakurudi na dhahabu, alirudi na homa, na homa hiyo haikumwacha. Mazishi yake nimeshayasema.

Baada ya kaburi kufukiwa balozi alikuja, akasimama nje ya kibanda chetu, hakukubali kukaa. "Mayu," alimwambia mama, ndivyo tunavyomwita mwanamke kwa heshima kwetu, hata tunapomfukuza. "Mayu, vuna mtama wako. Ukishavuna, uondoke. Hapa tunaishi watu tunaozikana."

Mama hakuwa na pa kwenda. Songwa hatukuacha nyumba, na kwa baba yake mzazi walishakufa wote. Akafanya jambo ambalo mimi nililiona la ajabu. Alichukua mtama kidogo tuliokuwa nao, akausaga kwenye jiwe, akauchekecha mara mbili mpaka ukawa laini kama poda, akaujaza kwenye debe, akaliweka nyuma ya mlango.

"Usiuguse," akaniambia. "Huu ni wa msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa yeyote atakayekufa."

Akili ya mama ilikuwa hiyo tu. Mtu wa kijiji akifa kabla ya mavuno, yeye awe wa kwanza kufika na unga, waone kwamba na sisi tunazika. Sisi tulikuwa tunakula michembe, vile viazi vikavu, asubuhi michembe, jioni michembe. Unga ukianza kunuka, mama anatupikia uji wa ule uliochacha, kisha anasaga mwingine mzuri wa kuweka nyuma ya mlango. Nilikua nikijua kwamba unga mbaya ni wa watoto na unga mzuri ni wa maiti.

Basi nikaanza kusubiri mtu afe. Sioni aibu kulisema, nilikuwa mtoto na nilikuwa na njaa. Kulikuwa na bibi mmoja jirani aliyekuwa akikohoa sana, na kila asubuhi nilipita karibu na nyumba yake kusikiliza. Anakohoa. Narudi nyumbani, mama ananiangalia, natikisa kichwa. Nilikuwa napiga ishara ya msalaba na kumwomba Mungu achukue mtu, sikuchagua nani, ila achukue mapema kabla mtama haujavunwa. Mungu hakuchukua mtu. Kijiji kizima kilikuwa na afya kama ndama. Bibi yule wa kikohozi alikuja kuishi miaka mingi mno.

Mtama nao, pamoja na kuungua, ulianza kuwa mwekundu, mavuno yanakaribia.

Siku hiyo nilikuwa naokota kuni kando ya barabara, jua limeshaanza kulala. Nikasikia harufu kabla sijaona kitu. Oili inapodondokea bomba la moshi likiwa la moto hutoa harufu yake kali ya kuungua, na harufu hiyo ilikuwa imechanganyika na ya dagaa. Nikachungulia kutoka kwenye minyaa. Pikapu ilikuwa imesimama, imebeba magunia ya dagaa mpaka juu, na nyuma yake kulikuwa na mstari wa matone meusi vumbini uliokuja mpaka chini ya injini, ukaishia kwenye dimbwi. Chini ya gari ilikuwa imetokeza miguu ya mtu. Miguu haikuwa inacheza. Pembeni alisimama mzee mrefu, ameshika kofia mkononi, anatikisa kichwa.

Mimi nilikuwa sijawahi kuona gari kwa karibu. Miguu niliijua, na damu niliijua, na mzee aliyevua kofia nilijua amevua kwa nini.

Akapita mtu na baiskeli, akashuka. "Kuna nini, mzee wangu?"

"Gasketi amekufa," akasema yule mzee.

"Lo! Kabisa?"

"Kabisa. Alianza kuvuja tangu asubuhi, nikasema atavumilia mpaka Kahama. Hakuvumilia."

"Pole sana. Sasa?"

"Sasa nini? Tunalala naye hapa. Kesho tunamtoa."

Mwenye baiskeli akasikitika kidogo, akapanda akaenda. Mimi nikatupa kuni.

Hapa nisimame kidogo niseme neno juu ya Kiswahili. Kule kwetu Kiswahili tulikisikia shuleni na barabarani, nyumbani ilikuwa Kisukuma. Darasani mwalimu alikuwa anatucharaza kwa kosa moja kila siku: kikombe amevunjika, mlango amefungwa. Alitaka kimevunjika, umefungwa. Alikuwa sahihi, mwalimu. Lakini yule mzee wa pikapu hakuwa amepita kwa mwalimu huyo. Laiti angesema "gasketi imekufa," kama inavyotakiwa, ningejua ni kitu, ningeendelea na kuni zangu, na sijui leo ningekuwa wapi. Watu wanapenda kucheka Kiswahili cha Wasukuma. Wacheke. Mimi kosa lile limenilisha.

Nilikimbia mpaka nyumbani. "Mama! Amekufa! Mtu amekufa!"

"Mungu nakushukuru," mama akasema. Halafu akajiziba mdomo, akapiga msalaba. "Nani?"

"Gasketi."

"Gasketi wa wapi?"

"Wa barabarani, wa kwenye gari. Damu yake imemwagika njia nzima, nyeusi!"

"Ana watu?"

"Ana mzee mmoja tu. Kesho wanamtoa."

Mama alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua debe. Akasimama. "Mzee mmoja tu," akasema, kama anajiambia mwenyewe. Niliona uso wake umebadilika. Sasa hivi mimi ni mtu mzima ndiyo naelewa kwamba hapo hakuwa tena na hesabu ya kijiji. Alimwona mtu aliyesimama peke yake na maiti, kama yeye.

Akafunga kanga kiunoni, akamkaza mtoto mgongoni, akajitwika debe, akatoka nje na kupiga mwano. Mwano ni ule ukelele wetu wa hatari na wa msiba, ukipigwa mtu anaacha hata chungu motoni. Sauti ya mama ilikuwa kubwa, nami sikuwahi kujua. Milango ikafunguka. Wanawake wakatoka, wakamwona ni nani, wakasitasita. Mbele akatokea Mama Kashinje, mke wa balozi, mwanamke mkubwa wa umbo na wa maneno, ambaye wanawake wa kijiji kizima walikuwa wanamwangalia usoni kabla ya kucheka au kununa.

"Nani?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mama tangu mzee wao azikwe.

"Mgeni, anaitwa Gasketi. Amefia barabarani, ana mtu mmoja tu."

Mama Kashinje akamtazama mama, akatazama debe. Mgeni aliyefia njiani haachwi, hata na mtu aliyenuna. Akafungua kanga yake akaifunga upya kwa nguvu. "Chukueni kuni," akawaambia wenzake.

Tukaenda. Wanawake wa kwetu wakianza kulia hawahitaji kumjua marehemu. "Gasketi weee! Umekufa njiani kama ndege! Mama yako hajui, Gasketi! Nani atampelekea habari!" Mimi nikalia kuliko wote, maana nilikuwa nimemwona.

Sasa, yule aliyekuwa chini ya gari alikuwa fundi, aliitwa Shija. Injini ilikuwa bado ya moto, na injini ya moto haifunguliwi, kwa hiyo alikuwa amejilalia kwenye kivuli cha gari akisubiri ipoe, usingizi ukamchukua. Akashtushwa na vilio. Akainua kichwa kwa ghafla, kikagonga chuma, oili iliyobaki ikammwagikia usoni, naye akatoka chini ya gari kwa magoti, mweusi wote, macho meupe, anapiga kelele, "Nani kafa? Nani kafa?"

Sijaona tena katika maisha yangu watu wazima wakikimbia namna ile. Kuni ziliruka. Mmoja aliingia kwenye minyaa akatoka upande wa pili bila kilemba. Mama Kashinje mwenyewe, na ukubwa wake wote, aliwapita wasichana. Ni mama tu aliyebaki pale, kwa sababu alikuwa na debe kichwani, na kama angekimbia unga ungemwagika.

"Pole, baba," akamwambia yule mzee wa kofia. "Tumesikia umefiwa. Tumeleta unga."

"Nimefiwa?" Mzee alikuwa anaitwa Luhende, na ndiye mwenye gari. "Nimefiwa na nani, mayu?"

Mama akaniangalia. Wanawake, waliokuwa wameanza kurudi mmoja mmoja, nao wakaniangalia.

"Si ulisema mwenyewe," nikamwambia kwa Kisukuma, machozi yakinitoka. "Umemwambia mtu wa baiskeli. Gasketi amekufa."

Shija alikaa chini vumbini akaanza kucheka, anacheka anajipangusa oili, anacheka tena. Mzee hakucheka. Akainama, akaingiza mkono chini ya injini, akavuta kipande kilichokuwa kinaning'inia, chembamba kama gome la mti, kimelowa na kukatika. Akakinyanyua.

"Huyu hapa marehemu," akasema.

Mama Kashinje alikuwa ameshafika, anahema, vumbi mpaka kwenye nywele. "Mayu," akamwambia mama, polepole, na ule upole ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Umetutoa majumbani kwetu tuje kulilia gari?"

"Mtoto amesikia vibaya."

"Mtoto amesikia vibaya. Na wewe masikio yako uliyaacha Songwa?"

"Sasa anatuchezea na misiba," akasema mwingine nyuma. Wengine wakaitikia. Hapo nilijua, pamoja na utoto wangu, kwamba mambo ya kusubiri mavuno yamekwisha. Tutaondoka kesho. Na mimi ndiye niliyetuondoa.

Mama Kashinje akamshusha mama lile debe kichwani, kwa nguvu, akalifunua. Nadhani alitaka kuwaonyesha wenzake kwamba ni tupu, kwamba lilikuwa la kujionyesha tu. Akaingiza mkono. Akausugua unga kati ya vidole. Akasugua tena. Akaniangalia mimi, miguu yangu, akamwangalia mdogo wangu mgongoni.

"Watoto wako wanakula nini?"

"Michembe."

"Na huu?"

"Huu ni wa msiba."

"Msiba gani?"

"Wowote," mama akasema, na ndipo alipolia kweli. "Naweka tangu nilipomzika mume wangu. Ukiharibika nasaga mwingine. Sikujua, mayu. Nilikuwa na mtoto wa juzi, na kwetu mzazi hatumi kitu. Ningejua ningeleta. Hakuna aliyeniambia, na baadaye hakuna aliyesimama karibu nimwambie."

Ilikuwa kweli. Miezi yote ile hakuna aliyesimama karibu naye kiasi cha kusikia maneno hayo. Ilibidi gari liharibike.

Mzee Luhende akavua tena kofia yake. "Akina mama," akasema, "mimi barabala hii nimetembea tangu nywele zangu nyeusi. Nimelala porini na gali bovu, mvua inaninyeshea, hakuna aliyeniuliza umekula nini. Leo mmenililia. Marehemu ameliliwa vizuri, nawashukuru. Ila mfiwa ana njaa."

"Huna hata haya, mzee," Mama Kashinje akamwambia.

"Haya ninazo nyingi, mayu. Tumboni ndiko hakuna kitu."

Mtu akacheka. Sijui nani. Halafu yule aliyepoteza kilemba akacheka, na kicheko kikazunguka kama moto kwenye nyasi kavu, mpaka Mama Kashinje akageuza uso pembeni na nikaona mabega yake yanatikisika. Alipogeuka tena alikuwa mkali kama kawaida yake. "Unga ukishatoka kwenda msibani haurudishwi nyumbani," akasema. "Ni mkosi. Kashinje! Kimbia ulete moto."

Tulikula ugali kando ya barabara. Mzee Luhende alifungua gunia, tukala na dagaa. Ulikuwa unga mzuri, ule wa maiti, na mimi niliula mpaka nikashindwa kuinuka. Mpaka leo sijala ugali ulioufikia ule.

Asubuhi Shija akaanza kazi, na mimi nilikuwa nimeshafika kabla yake. "Mfiwa," akaniita, "kaa hapo, utanishikia." Aliingia chini, akafungua bolti moja moja, akashusha sampu, lile karai la bati linaloshika oili chini kabisa ya injini. Kila bolti aliyoitoa alinipa, nami nilizichomeka kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio wake, ili kila moja irudi kwenye tundu lake. Oili iliyobaki waliichuja kwa kitambaa wakaitunza, ya chini yenye uchafu wakaitenga. Akakwangua mabaki ya gasketi ya zamani, ile inayoziba kati ya sampu na injini, kwa kisu mpaka bati likang'aa. Halafu akalala na jicho lake usawa wa ukingo wa sampu, akaguna.

"Unaona?" akanionyesha. Kwenye kila tundu la bolti bati lilikuwa limebonyea kidogo, kama shimo la kidole kwenye udongo. "Aliyefunga mwanzo alikaza mno. Alidhani akikaza sana haitavuja. Ukikaza sana bati linapinda, pembeni panabaki wazi, ndipo inapovuja."

Akaliweka juu ya gogo, akaligonga kidogo kidogo kwa nyundo mpaka likanyooka.

Ikabaki gasketi. Mpya ilikuwa Kahama. Shija alitaka boksi gumu, zima, lisilo na mkunjo katikati. Wanawake waliokuwa wamekuja kutazama wakaulizana, hakuna aliyekuwa nalo. Mama akarudi nyumbani. Alikuja na boksi letu, lile tuliloletea nguo kutoka Songwa, ambalo baada ya hapo lilikuwa limekaa nguo za baba. Zile nguo alikuwa amezimwaga kitandani. "Kata," akamwambia Shija.

Shija akalifungua boksi, akalilaza juu ya ukingo wa sampu, akaanza kugonga pembeni kwa kichwa cha mviringo cha nyundo. Tok, tok, tok. Hakukata kwa mkasi. Makali ya bati yenyewe ndiyo yaliyokata, na umbo la gasketi likajitokeza lenyewe kutoka kwenye boksi. Akagonga matundu. Akailoweka kwenye oili mpaka ikawa laini. Akairudisha sampu, akaniambia nimpe bolti kwa mpangilio, akazifunga zote kwa vidole kwanza, hakutumia spana. Kisha spana, kidogo huku, kidogo upande wa pili, anarudi, anavuka. "Usimkabe," alikuwa anasema. "Mshike tu. Wote sawasawa."

Walipojaza oili na kuwasha, tukainama wote chini ya gari, mimi, mama, Mama Kashinje na wenzake, tukiangalia vumbi. Vumbi likabaki kavu. Mama Kashinje akapiga kigelegele, na nadhani hakukusudia.

Mzee Luhende alimwachia mama ile oili chafu. "Kapake nguzo," akasema. Akaniangalia. "Na wewe, mfiwa, nikipita nitapiga honi."

Lakini hakuna aliyemwambia mama abaki. Hilo ndilo watu husahau wanapofikiria jambo kama hili, wanadhani baada ya kucheka kila kitu kinakwisha. Balozi hakuja kufuta neno lake. Mtama ukavunwa, kidogo sana. Mama akafunga jembe na sufuria kwenye kanga, akaviweka mlangoni chini ya ile nguzo iliyopakwa oili, akakaa chini akiwa amempakata mtoto. Ilikuwa asubuhi na umande bado uko kwenye majani.

Akaja Kashinje, mtoto wa rika langu, ameshika kigae.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama. "Mama amesema moto wetu umezimika. Anaomba kaa."

Mama aliinuka, akaingia ndani, akachukua muda kuliko unavyotakiwa kuchukua kaa la moto. Alipotoka alimpa mawili. Kashinje alipokwenda, mama akafungua ile kanga na kurudisha sufuria jikoni. Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza Mama Kashinje kama kweli moto wao ulizimika siku ile. Akaniambia nisimuulize maswali ya kijinga.

Tuliishi pale. Mzee Luhende alipiga honi kila alipopita, na alipopata gari lingine akanifundisha majina ya vitu vyote vya ndani yake, kwa zile a- zake zote mbovu. Shule niliiachia darasa la tatu. Nilikwenda Geita, nikauza uji kwa wachimbaji, kisha nikauza gasketi kwa mafundi, kwanza nimezitandaza chini kwenye turubai, nazikata mwenyewe kwa nyundo. Mwanaume mmoja aliwahi kuniuliza mwanamke anajua nini kuhusu gasketi. Nilimwambia nimeshazika moja.

Majuzi, tulipomzika mama, watu walijaa mpaka barabarani. Magari yalipanga mstari. Jikoni kabla hata sijaamka alikuwa ameshafika Kashinje, mzee sasa kama mimi, mgongo umepinda. Alikuwa ameleta moto.

Basi, hivi ndivyo nilivyo navyo leo. Nina gereji Kalangalala, hapa Geita mjini, na vijana wanaofanya kazi humo, ambao gasketi ikiharibika huniuliza, "Mama, tumzike wapi?" Nina duka la spea. Nina nyumba ya kuishi, na nyingine ya wapangaji. Nina pikapu, haivuji. Nina lile shamba la mtama kule kijijini, na nyumba ya udongo yenye nguzo ambayo kila kiangazi naipelekea oili. Na nyuma ya mlango wa ofisi ya gereji nina debe la unga wa mtama, umechekechwa mara mbili. Hauuzwi. Ukikaa sana, nasaga mwingine.